Sauti ya Nyumba ya Oriokot

Wewe umewahi kukosolewa na maiti? Sisemi kutishwa, kutishwa ni kazi rahisi, hata paka juu ya bati anaiweza. Nasema kukosolewa, saa nne asubuhi, mbele ya darasa, mwalimu ameshika chaki. Kama hujawahi, basi usimcheke Among.

Among alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya muziki katika chuo kimoja cha Tororo, kile ambacho madirisha yake yote yametazama Mwamba, ule mlima wa jiwe uliosimama juu ya mji, kana kwamba huko ndiko kuna majibu ya mtihani. Alizaliwa Busia, mita chache kutoka mpaka wa Uganda na Kenya, mahali ambapo mtoto hujua kubishana kwa lugha nne kabla hajajua kufunga viatu. Kichwa alikuwa nacho, mdomo alikuwa nao zaidi. Alichokosa ni bahati: mtihani wa vitendo alikuwa ameshaufeli mara moja, na chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu. Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa mara yenyewe. Akifeli tena, miaka mitatu imekwenda na maji.

Jumatatu walikuwa kwenye somo la kusikiliza. Ni somo la kawaida kabisa: mwalimu anabonyeza noti moja kwenye piano, wanafunzi wanaiimba. Mwalimu alikuwa Dokta Elungat, ambaye alisoma Ulaya miaka mitano na hakumruhusu mtu yeyote asahau; alivaa skafu shingoni hata kwenye jua la Januari. Alibonyeza *do*. Darasa zima, watu kumi na wanne, likaimba kitu kingine. Kilikuwa chini kidogo tu, labda upana wa ukucha, lakini wote kumi na wanne walikwenda chini pamoja, kama watu waliopewa noti na mtu mwingine aliyesimama nyuma yao.

Dokta aliwauliza kama walikuwa wamelewa. Akabonyeza tena, wakaimba vilevile. Mara ya tatu aliipiga kwa hasira, na safari hii piano yenyewe ikatoa ile sauti yao.

Alisema ni unyevu. Ilikuwa kiangazi, nyasi zinavunjika ukizikanyaga, lakini nani angembishia mtu mwenye skafu.

Jumanne ikawa zamu ya kikundi. Hajarah, rafiki yake Among, binti wa watu wa malori wa Busia, ndiye mpiga zeze. Alikaza waya, akajaribu, sawa. Alipoweka zeze begani, kigingi cha kukazia waya kikaanza kuzunguka chenyewe, polepole, bila kuguswa, kama shingo ya mtu anayegeuka kukutazama. Hajarah hakupiga kelele. Aliliweka zeze chini kwa adabu zote, akasogea mpaka bega lake likagusa la Among, akanong'ona, "Hiyo sasa pia ni unyevu?"

Halafu ikaja harufu, na kila mtu aliivuta: moshi wa kuni mbichi, dawa ya kuchua, blanketi la mtu aliyelala muda mrefu. Ilikuwa harufu ya chumba cha mgonjwa, katikati ya ukumbi wenye madirisha wazi.

Jumatano Among alimpigia simu mama yake, Betty, anayeuza nguo sokoni Busia. Alimwambia tu kwamba anakula vizuri na kwamba Ijumaa amwombee. Mama yake akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutokuwa na wasiwasi, ni mzee gani huyo aliyekuwa anasema pamoja naye. Among akajibu kwamba yuko peke yake. Na akiwa anajibu akajisikia mwenyewe, chini ya sauti yake, sauti nyingine iliyokauka, inayopanda pale ambapo yeye hapandi na kutua pale ambapo yeye hatui.

Alikata simu, akakaa juu ya kitanda, akashika koo kwa mikono miwili. Wengine wangelia. Among alikasirika.

"Sikiliza, wewe," aliuambia ule ukuta. "Koo hili ni langu. Nimelilisha tangawizi miaka mitatu. Ukiwa na neno, mtafute aliyekukosea, usiniingilie mimi."

Usiku huo alilala, jambo ambalo wenzake hawakuliweza.

Hajarah ndiye aliyesema lile neno ambalo wote walikuwa wakilikwepa, jini, na ndiye aliyemleta baba yake mdogo, Ustadh Wahabi, Alhamisi asubuhi kabla ya vipindi. Among alitarajia ubani, kelele na orodha ya mbuzi. Ustadh hakuwa mtu wa hivyo. Alivua viatu, akakaa sakafuni katikati ya ukumbi, akasoma kwa sauti ya chini. Baada ya muda kisomo chake kikaanza kuteremka, upana wa ukucha, na yeye akakisikia kinateremka, akanyamaza, akainamisha kichwa kama mtu anayeambiwa kitu. Halafu akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo la vyombo vya asili.

"Mimi nimetoa majini wengi, mwanangu," alimwambia Among. "Jini hudanganya. Anasema yeye mtoto wa mfalme, anataka manukato, anataka kanga nyekundu. Huyu hajadanganya hata mara moja. Anarudia kitu kimoja tu na hakosei. Huyu si wa kutolewa. Huyu ana shauri la kusikilizwa."

Ndani ya kabati kulikuwa na akogo, ule ubao wa Kiteso wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kadi iliyo mbele yake, kwa mwandiko wa Dokta, ilisema mtengenezaji hajulikani. Among aliitoa akogo, akaigeuza. Nyuma ya ubao, kwa herufi zilizochomwa na msumari wa moto, kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, palikuwa na maneno mawili: ORIOKOT DABANI.

Na hiyo ndiyo akogo aliyopangiwa kuipiga Ijumaa. Dokta alikuwa ametunga wimbo wa akogo na piano, watahini walikuwa wanatoka nje ya chuo, na kila mtu alijua kwamba baada ya wimbo huo yeye mwenyewe alitarajia kuitwa Profesa.

Swabur, kaka yake Hajarah, aliwapakia wote wawili kwenye boda yake mpaka kijiji cha Dabani, akogo imefungwa kwenye leso. Nyumba ya Oriokot ilijulikana. Waliuliza mara moja tu. Mjane wake, Acom, alikuwa anaanua mihogo. Alipoiona leso alijua kilichomo kabla haijafunguliwa, na hakunyoosha mkono kuipokea.

Aliwapa viti, akawaeleza bila kupamba. Katika nyumba hii, ya watu wengine hajui, lakini katika hii, kila akogo hupangwa kwa sauti moja, ile ya babu aliyejenga. Mpigaji huvuta chuma mbele au kukisukuma nyuma mpaka kiseme kama nyumba inavyosema. Mtu akifa, mtoto wake mkubwa hukaa mlangoni saa sita mchana na kumpigia kwa sauti hiyo, ili ajue mlango uko wapi na atoke. Mzee wake alikuwa ameiazimisha akogo siku tatu kabla hajafa, kwa mwalimu wa chuo aliyekuja kurekodi. Walipoitaka kwa mazishi, mwalimu aliirudisha kwa kumtuma mtu wa boda. Binti yao akakaa mlangoni, akapiga. Hawakuijua ile sauti. Akavuta vyuma, akasukuma, hakuna. Vilikuwa vimekatwa ncha, vyote, vifupi, na chuma kilichokatwa hakirudi chini hata ukikibembeleza namna gani. Baada ya wiki mwalimu akatuma watu waichukue tena, akisema ndivyo walivyokubaliana na marehemu.

"Sasa yeye hapana hapa, hapana kule," Acom alisema. "Mimi nasikia nyumba iko tupu, lakini haijaachwa. Alifuata akogo yake."

Among akauliza nani aliyekata.

"Toto yangu, mimi nilikuwa shamba. Kama ningekuwa najua, ningekuuliza wewe? Mzee yangu alikuwa mtu ya kusikia. Alisikia maisha yake yote. Hawezi kwenda mpaka asikie ile neno kwa mdomo ya mwenyewe aliyekata."

Jioni hiyo Among aligonga mlango wa Dokta. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa kwamba akogo ilifika chuoni hivyohivyo ilivyo, kwamba watu wa vijijini hawatunzi vitu, na kwamba msichana anayerudia mtihani kwa mara ya mwisho angefanya vyema kushughulika na mtihani. Hakupandisha sauti. Alimsindikiza mpaka mlangoni akimtakia usiku mwema.

Ijumaa, saa sita kasorobo, ukumbi ulijaa. Watahini walikuwa wawili, na mkuu wao alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Kenya, mwenye miwani na saa kubwa ya mkononi. Alimweleza Among kanuni: dakika kumi na tano, zikiisha, kinachohesabiwa ni kilichosikika. Among akakaa jukwaani, akogo mapajani. Dokta akakaa kwenye piano, akanyoosha skafu, akampa ishara ya kichwa.

Among hakuanza.

Dokta alitabasamu kwa watahini, akapiga utangulizi mwenyewe. Noti nne za kwanza zilikuwa zake. Ya tano haikuwa yake.

Akarudia. Sasa ya tatu ikateremka, halafu ya pili, halafu mkono wake wote wa kulia ukawa unabonyeza wimbo mmoja na kusikia mwingine, na ile harufu ya kuni mbichi na dawa ya kuchua ikaingia kwa milango yote kwa wakati mmoja, na kabati la kioo likaanza kutetemeka kwa sababu kila kilichokuwa na waya ndani yake kilikuwa kinajiteremsha, na ngozi za ngoma pembeni zikawa zinalegea zikiguna, na watu waliokaa kwenye viti, wazazi, wanafunzi, hata yule mtahini wa pili aliyekuwa anaandika, wakasikia kooni mwao mguno ambao hawakuuanzisha na hawakuweza kuumeza, noti moja, chini kwa upana wa ukucha, noti ya nyumba moja ya Dabani, wote pamoja kama darasa, mpaka Dokta Elungat akafungua mdomo kusema ni unyevu na badala ya maneno ikatoka sauti kavu ya mzee, inayopanda na kutua, naye akajaza skafu mdomoni kwa mikono yake miwili, na bado ikatoka.

Hajarah, mstari wa mbele, alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Watu waliokuwa karibu na milango walikuwa wameshasimama.

Among hakusimama. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Lakini alikuwa amechoka pia, amechoka na aliye hai na aliyekufa, na alisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo alilazimika kuisukuma itoke kama mtu anayesukuma gari lililozimika:

"Mzee Oriokot, mwachie koo lake. Ukisema wewe kwa mdomo wake, atakuja kusema hakuwa yeye. Mwachie aseme mwenyewe."

Ukumbi ukanyamaza mara moja, wote, kama mtu aliyeshika pumzi.

Dokta alitoa skafu mdomoni. Ilikuwa imelowa. Alijaribu sauti yake, akakohoa, akaikuta ipo.

"Endelea na wimbo, Among," alisema.

"Hii haipigiki, Dokta. Imekatwa. Waambie nani alikata."

"Mtahiniwa," mtahini mkuu alisema, si kwa ukali, "zimebaki dakika sita."

"Nazijua, mama."

"Usipopiga sina cha kukuandikia."

"Andika kwamba nilikaa."

Alikaa. Hakuna aliyetoka, hata wale wa mlangoni. Dakika tano. Mtu fulani nyuma alikuwa anasali kwa Kiteso, akaacha. Among aliweka vidole gumba juu ya vyuma vile vifupi bila kuvibonyeza, akamtazama mwalimu wake kama mtu anayesubiri maji yachemke. Dakika tatu. Dokta aliangalia watahini, akaangalia mlango, akaangalia mikono yake mwenyewe juu ya piano, na hapo ndipo alipoanza kutokwa na jasho, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimlazimisha tena. Ule ukimya haukuwa na hila yoyote. Ulikuwa wa mtu anayesikiliza tu, aliyetega sikio vizuri, ambaye ana muda.

Mtahini mkuu akainua mkono wenye saa.

"Ni mimi," Dokta Elungat alisema.

Aliyasema akiitazama akogo, si watu.

"Nilivikata vyuma kwa koleo, nyumbani kwa mzee Oriokot, vilingane na piano yangu. Sikumpa mtu mwingine kazi hiyo. Na hakuwa amekufa. Alikuwa amelala chumba cha pili, mlango uko wazi, hawezi kuinuka. Alisikia kila chuma. Aliniita, 'Elungat, mwanangu, unafanya nini?' Nami nikamwambia nasafisha kutu."