Usimuulize Lilianza Lini

Mzani wa zahanati ulisema kilo tisini na moja. Muuguzi akamshusha mgonjwa, fundi cherehani mmoja, akaukung'uta mzani, akampandisha tena. Tisini na moja. Na mwanamke mwenyewe alikuwa amekonda hata pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke.

"Mzani umekufa huu," muuguzi akasema, akaandika hamsini kwa kukisia.

Daktari aliisoma hamsini ile akapita. Kilichomtia shaka ni mama mkwe wa mgonjwa, aliyeingia naye akaketi kimya. Chumba kilinuka udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa kali.

Mwaka mzima tumbo lilimsokota fundi, likija na kuondoka. Madaktari wanne, vidonge kapu zima, nafuu hakuna.

"Nani anakupikia?" daktari aliuliza.

"Mama mkwe."

"Mnakula pamoja?"

"Nakula peke yangu. Sahani yangu inawekwa kando."

Mama mkwe akainamisha macho. Kikulacho ki nguoni mwako, daktari aliwaza. Aliwahi kumpoteza mgonjwa aliyelishwa sumu kidogo kidogo na nduguye, kwa sababu hakuuliza mapema. Safari hii angeuliza.

"Mama, tupishe kidogo."

Mama mkwe alijikongoja hadi mlangoni, akageuka. "Muulize yote, mwanangu," akanong'ona. "Ila usimuulize lilianza lini."

Hapo shaka ikaota mizizi. Daktari akafunga mlango, akasogeza kiti.

"Dada, tuko wawili tu. Tumbo hili lilianza lini?"

Fundi akafumba macho. Midomo yake haikucheza.

"Halikuanza," ikasema sauti nzito, isiyo na haraka. "Nilianza."

Daktari alijiambia ni ulimi umeteleza. Akamlaza kitandani, akabonyeza chini ya kitovu kama alivyozoea, na pale vidole vyake vilipozama akahisi vidole vingine vikimpokea kutoka ndani, kimoja kimoja, vya baridi, vikimshika kwa upole kama mwenyeji anavyompa mgeni mkono, na harufu ya udongo ikapanda ikamjaa puani hadi kooni, akataka kumwita muuguzi lakini pumzi ikagoma, na sauti ileile, sasa sikioni mwake kabisa, ikasema, "Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza habari zangu."

Kisha vidole vikamwachia.

Fundi akaketi. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Nina njaa," alisema, kama asiyeyaamini maneno yake.

Mama mkwe aliingia bila kubisha. Alimtazama mke wa mwanawe, akafuta machozi, ndipo akamtazama daktari. Hakushangaa.

"Mganga alisema jini huyu atamhamia atakayemuuliza asili yake," alisema taratibu. "Wale wanne hawakuuliza. Waliandika vidonge tu."

"Lakini ulinikataza," daktari alisema.

"Nilikukataza, ndiyo." Akamshika mgonjwa mkono. "Usipomkataza daktari makini, ataulizaje? Nisamehe, mwanangu. Huyu ana watoto wadogo."

Wakatoka. Daktari alibaki ameshikilia meza, na chini ya mbavu zake kitu kikijigeuza pole pole, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia.

Muuguzi akachungulia. "Daktari, nimwite anayefuata?"

Daktari alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Mwite," sauti ikajibu.

Muuguzi akaenda kumwita.