Gia Zinazunguka, Hazifunguki

Kila asubuhi Dada alipanda baiskeli kwenda kilimani. Yeye ni muuguzi. Huko juu alikaa babu mmoja mwenye kidonda mguuni, na kidonda kile kilitaka kusafishwa mapema kila siku.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikianza kupanda, mnyororo unaruka na miguu inakanyaga hewa. Siku moja ilimbwaga chini. Alimalizia kilima kwa miguu, akarudi nyumbani goti limechubuka.

"Leo muuguzi ndiye mgonjwa," alisema kaka yake, fundi bomba. Dada aliishi naye pamoja na mkewe.

"Usinichekeshe, Kaka. Nimechelewa, bandeji imegandana na kidonda. Babu wa watu amelia."

Kaka aliacha kucheka. "Lakini si tumebadilisha mnyororo juzi?"

"Tumebadilisha. Na huu mpya unaruka kuliko ule wa zamani!"

Walitazamana. Kitu kipya kinaharibuje mambo? Mke wa Kaka aliinama nyuma ya baiskeli. "Wifi, hebu ona meno ya gia hizi. Yamelika, yamechongoka kama ya msumeno."

Basi Kaka alihesabu gia za nyuma. Saba. Akaenda dukani, akanunua gia saba. Alirudi anapiga mluzi, kama mtu aliyemaliza kazi. Kumbe hata hajaianza.

Alitoa gurudumu la nyuma, akalilaza uani. Akashika gia, akazizungusha kushoto kama anavyofungua mabomba. Zikazunguka kwa ulaini. Tik tik tik tik.

"Zinafunguka!" alisema kwa furaha.

Akazungusha. Akazungusha tena. Mkewe alibandika chai, ikachemka, akaitia kwenye chupa. Tik tik tik tik.

"Bado tu, mume wangu?"

"Nyuzi zake ni ndefu."

"Ndefu mpaka wapi? Gia haijasogea hata kidogo!"

Alijaribu kulia. Gurudumu zima likazunguka pamoja na gia. Akachukua gia mpya, akachungulia tundu lake. Ndani hamkuwa na nyuzi za skrubu, ila mifereji mitupu. Jamani! Saba kwa saba, mbona hizi hazina nyuzi? Alikaa chini, mikono imejaa grisi, kichwa kimejaa ukungu.

"Na kesho babu nitamfikiaje?" Dada aliuliza.

Mke wa Kaka akamwita Mama Spoki, jirani yao anayetengeneza baiskeli. Mama Spoki alipoelezwa, alishika kiuno kwa kicheko.

"Jirani, gia kuzunguka kinyume ndiyo kazi yake! Ungezungusha mpaka mwakani. Njoo hapa. Unaona kipande hiki cha katikati chenye mifereji? Ndipo unapoingia ufunguo wa kufungulia gia. Sasa zungusha gia kinyume, ila macho yabaki hapa. Kinazunguka?"

"Gia zinazunguka. Chenyewe kimetulia."

"Basi hii ni friwili. Imefungwa kwa nyuzi kwenye kitovu cha gurudumu. Kama kingezunguka pamoja na gia, ingekuwa kaseti. Kaseti huchomekwa kwenye mifereji, kisha hubanwa na nati. Wewe umenunua kaseti."

"Lakini kwa sura ni zile zile!"

"Kwa sura, ndiyo. Na idadi ya gia lazima ilingane. Lakini kwanza ujue ni aina gani."

"Na mnyororo mpya?" Dada aliuliza.

"Hauna kosa. Meno yaliyolika hayaushiki, ndiyo maana unaruka."

Kaka alikimbia dukani kubadilisha, akarudi na friwili ya gia saba. Mama Spoki alitumbukiza ufunguo wa friwili katikati, akaugeuza kushoto kwa spana yake. Wapi! Haukutikisika.

"Subiri," alisema Kaka. Akaleta spana yake ndefu ya mabomba, akaegemea kwa uzito wake wote. Krak! Friwili ikaachia.

Walisafisha nyuzi, wakapaka grisi. Mama Spoki akaifunga mpya kwa vidole, polepole. "Ikikataa, usilazimishe. Itoe uanze upya, la sivyo utakata nyuzi."

Kaka alinyakua spana ndefu ili aikaze.

"Weka chini! Hii hujikaza yenyewe mtu akikanyaga pedali."

"Bila spana?" Fundi bomba alichanganyikiwa upya. "Nani basi ataikaza?"

"Dada yako, akipanda kilima."

Asubuhi Dada alifika chini ya kilima. Akakanyaga kwa woga. Mnyororo ukashika. Akakanyaga kwa nguvu. Ukashika tena, mpaka juu kabisa.

Babu alikuwa mlangoni, mguu ameunyoosha. Bandeji ilitoka bila kuvuta ngozi.

"Leo umewahi," alisema.

"Leo kilima hakikuniangusha, Babu," Dada alijibu, huku bado anahema. "Kimenikazia gia."