Kiti cha Nyuma cha Pikipiki Nyekundu

Kila asubuhi, katika kichochoro chao mjini Kolhapur, Revati Khot aliisukuma skuta ya baba yake. Baba alikaa mbele akishika usukani. Aai, mama yake, alifuata kwa miguu na mfuko wa chakula cha mchana. Revati alisukuma kwa nyuma mpaka kwenye duka la viazi, ambapo kwa kawaida skuta ilikohoa, ikatoa moshi na kukubali kuwaka. Hapo Aai alipanda upande upande, miguu yote miwili kushoto, akaiweka sari yake vizuri, nao wakaondoka. Yeye alishuka kwenye zahanati alikokuwa muuguzi, na Baba aliendelea hadi kiwanda cha kuyeyusha chuma. Revati alibaki na sare ya shule inayonuka moshi.

Na kila asubuhi Ketaki wa ghorofa ya juu alikuwa dirishani. Walisoma darasa moja.

"Revati, leo mmesaga kilo ngapi?" alimwuliza wakiwa njiani kwenda shule. "Kwa ile sauti nilidhani ni mashine ya unga."

Wenzao walicheka. Kaka yake Ketaki alikuwa na pikipiki nyekundu ya mashindano, na Ketaki hakuchoka kuitaja. Revati alijitia kucheka pamoja nao, lakini moyoni aliungua.

Ndiyo maana Baba alipotangaza kwamba atanunua pikipiki mpya na kuichukua siku ya Padwa, sikukuu ya mwaka mpya, Revati hakuwaza kitu kingine tena. Pikipiki za kuchagua zilikuwa mbili tu, na moja kati ya hizo ilikuwa nyekundu.

Baba mwenyewe hakutaka pikipiki ya maonyesho. Alitaka moja itakayofanya kazi mbili: kuwapeleka kazini siku zote, na Jumamosi kuwavusha mlima wa Amba hadi kijijini kwa Aji, bibi yake Revati, aliyeishi peke yake na ambaye miguu yake ilikuwa imechoka. Njia ya mlimani ni kona juu ya kona, na Aai alikuwa na mgongo mbovu. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye ngazi, akalala kitandani mpaka mvua zilipokwisha. Daktari alimwonya kwamba akianguka tena huenda asiinuke. Tangu hapo hakuwa amekanyaga kwa Aji, na jambo hilo lilimkosesha raha.

"Mimi nitakaa popote," Baba alisema. "Shida ni anayekaa nyuma."

Jumapili ya kwenda kuzijaribu, Aai alikuwa zamu.

"Wewe na mimi tuna urefu mmoja sasa," alimwambia Revati akifunga nywele zake. "Utakaa kwa niaba yangu. Kaa kama ninavyokaa mimi, miguu upande, kisha umwambie baba yako unavyojisikia. Usimwonee haya."

Dukani, muuzaji aitwaye Gavli aliwatolea kwanza pikipiki ya kijivu. Ilikuwa pana kama nyati aliyelala. Usukani wake ulikuwa juu, mbele ilikuwa na kioo cha kukinga upepo, na kiti chake kilikuwa bapa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ubavuni mwa gurudumu la nyuma kulikuwa na kinga ya chuma ya kuzuia sari isinaswe, na chini yake kikanyagio kirefu cha kutosha miguu miwili. Revati alikaa upande. Baba alizunguka mtaa, akapita juu ya matuta, akafunga breki. Revati hakutikisika. Angeweza kusinzia.

Kisha wakapanda ile nyekundu. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kidogo, kimeinuka na kuinamia mbele. Kinga ya sari ilikuwa imetolewa ili pikipiki ipendeze. Revati alining'iniza miguu hewani. Tuta la kwanza lilimrusha, na breki ya kwanza ikamtelezesha. Alishika shati la Baba kwa mikono miwili, na waliporudi dukani vidole vilikuwa vinamuuma.

"Haya, wewe ndiye Aai leo," Baba alisema. "Ipi?"

Revati alitazama rangi nyekundu ikimeta juani. Akilini alimwona Ketaki dirishani, amekodoa macho, hana la kusema.

"Hii nyekundu, Baba. Nimekaa vizuri kabisa."

"Na ile ya kijivu?"

"Ile iliniumiza kiuno."

Baba aliitazama ile ya kijivu kidogo, maana ilikuwa imempendeza. Gavli akadakia upesi, "Ndugu Khot, kijana kama wewe atapanda nyati?" Baba, ambaye mvi zilikwisha kumwingia, alicheka. Akatoa malipo ya awali ya pikipiki nyekundu.

Revati alifurahi mpaka jioni. Jioni Aai aliporudi kutoka zamu alipitisha mkono kiunoni, akakaa polepole kama afanyavyo siku zote, akauliza, "Ilikuwaje? Nitafika kwa Aji?"

"Utafika," Revati alijibu, akainamia sahani yake.

Siku zilizofuata alijaribu kusema. Mara Baba alikuwa na wageni, mara Aai alikuwa anaimba jikoni, mara yeye mwenyewe alijipa moyo kwamba labda mtu mzima hatelezi kama mtoto. Asubuhi ya Padwa ikamkuta bado hajasema.

Asubuhi hiyo kila dirisha lilikuwa na gudi yake, mwanzi uliovikwa kitambaa cha hariri na kufunikwa chungu cha shaba. Baba aliwagawia majani ya mwarobaini na sukari guru, wakatafuna uchungu na utamu pamoja. Aai alikuwa amejaza kikapu mikate mitamu ya dengu.

"Tukitoka dukani tunapitiliza moja kwa moja kwa Aji," alisema, uso umemchangamka. "Wewe utarudi kwa bajaji, ukae kwa mama yake Ketaki hadi jioni."

Revati alishtuka. Alikuwa amedhani watazunguka mjini tu. "Leo leo, Aai? Mlimani?"

"Leo leo. Nini sasa? Usikunje uso, leo Padwa."

Ndivyo ilivyo kwao. Neno la shari likitamkwa Padwa, watu huamini kwamba litawafuata mwaka mzima. Hata wanaogombana husubiri kesho yake. Revati aliyaacha maneno yake, akabeba kikapu, wakaenda wote dukani.

Uwanja wa duka ulijaa watu, maana nusu ya mji ilikuja kuchukua vyombo vipya vya usafiri siku hiyo. Pikipiki nyekundu ilikuwa imevishwa shada la maua ya manjano. Guruji, kuhani mzee wa mtaa wao, alichora alama nyekundu juu ya tangi, akavunja nazi, akaweka limau moja mbele ya kila gurudumu. Magurudumu yakishayaponda, chombo ni chako na safari imeanza.

"Ofisi ya usajili imefungwa leo," Gavli alisema. "Karatasi zako nitazipeleka kesho. Wewe ponda limau tu, mambo yameisha."

"Upesi," guruji alisema akiangalia jua. "Saa njema inakaribia kupita."

Baba alipanda, akawasha. Mlio ulikuwa mzito na mtamu, watu wakageuka. Aai aliikusanya sari yake ya kijani, akapanda nyuma upande upande, kikapu mapajani.

Revati alikuwa amesimama karibu, aliona yote. Aliona vidole vya mguu wa Aai vikitafuta pa kukanyaga na kukosa. Alimwona akiteleza mbele, akijivuta nyuma, akiteleza tena, na pikipiki ilikuwa bado haijaondoka. Mkono wa Aai ulikwenda kwenye shati la Baba na kulikamata. Kisha akafumba macho, kama afanyavyo mgongo ukimchoma.

"Vipi huko nyuma?" Baba aliuliza bila kugeuka.

Aai alifumbua macho, akatabasamu. "Vizuri. Twende."

Yalikuwa maneno yaleyale ya uongo, ila Aai aliyasema ili asimharibie Baba siku yake. Revati aliona kwamba hakuna mwingine atakayesema. Watafika mlimani, breki itafungwa kwenye kona, na mwili wa kwanza kuteleza utakuwa wa mama yake.

"Haya, ondoka," guruji alisema.

Baba alitia gia. Revati aliinama, akaliondoa limau lililokuwa chini ya gurudumu la mbele.

Guruji alishika kichwa. Gavli alimnyooshea kidole. "Mtoto, lirudishe hapo."

"Revati," Baba alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Umerukwa na akili? Rudisha."

Revati alilikumbatia limau kifuani. Alitamani ardhi ipasuke.

"Baba, nilikudanganya Jumapili. Hicho kiti kinatelezesha. Nilikuwa naanguka, nikakushika shati. Ile ya kijivu haikuniumiza popote. Nilitaka nyekundu, Ketaki asinicheke."

Baba alizima injini. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu mbele ya watu wote wale. "Sema tena."

Revati alisema tena. Safari hii machozi yalimtoka, lakini hakuliachia limau.

Baba aligeuka nyuma kumtazama Aai. "Malati, ni kweli?"

"Baba Revati, leo Padwa," Aai alisema. "Tusiyaseme haya leo. Twende tu, watu wanatuangalia."

"Sikukuuliza ni siku gani. Umekaa vipi hapo?"

Aai aliinamisha kichwa. "Nateleza. Sina pa kuweka mguu. Mpaka getini nitafika. Mlimani sijui."

Baba alishuka, akamshika mkono kumteremsha. Akamgeukia Gavli. "Ile ya kijivu ipo?"

"Ipo, ila haijaoshwa, betri haijawekwa, na mafundi wote wako sikukuu. Labda kesho. Lakini kesho ni siku ya kawaida tu, Ndugu Khot. Ukikosa leo, siku nyingine njema ni Dasara, mvua zikishakwisha. Nani anachukua pikipiki mpya siku ya kawaida?"

"Khot, saa ikipita imepita," guruji aliongeza.

Baba aliitazama pikipiki yenye shada. Tangu ujana wake alikuwa hajapata kununua kitu kipya, na hii ndiyo Padwa aliyokuwa ameingojea. Revati aliiona taya yake ikicheza. Kisha akauchomoa ufunguo, akauweka mkononi mwa Gavli.

"Ipite, guruji," alisema. "Nitachukua ya kijivu kesho."

Walirudi kwa bajaji. Baba hakumsemesha Revati njia nzima. Nyumbani majirani walikuwa wametoka na sinia la taa na maua kuipokea pikipiki, wakabaki wakitazamana. Ketaki alikuwa mbele yao.

"Iko wapi hiyo nyekundu?"

Revati angeweza kusema imeharibika. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. "Tumeiacha," alisema. "Nilimdanganya Baba kuhusu kiti, mama yangu angeanguka." Ketaki alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Kesho yake Baba alileta ya kijivu. Hakukuwa na shada wala nazi. Aliisimamisha kichochoroni, Aai akakaa, akaweka miguu kwenye kikanyagio, akajitikisa huku na huku, kisha akasema, "Sasa nimekaa." Hata hivyo Baba aliendelea kumsemesha Revati maneno ya lazima tu, na Revati hakulalamika.

Jumamosi walikwenda kwa Aji. Revati alibaki, na siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko mtihani. Kila mlio wa pikipiki ulimpeleka dirishani. Jua lilikuwa linazama aliposikia muungurumo wa taratibu, akashuka ngazi mbio.

Aai alishuka mwenyewe, akavua kofia ya kujikinga, akasimama wima. Alikuwa mchovu na mwenye vumbi, na alikuwa anacheka.

"Aji anakusalimu. Amenikumbatia mpaka nikakosa pumzi," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Kwenye kona ya tatu tulikuta nyati wamejaa barabarani. Baba yako alifunga breki, mimi nikakanyaga, nikashika. Sikusogea. Pembeni pale hakuna ukuta, Revati. Ni bonde."

Baba aliisimamisha pikipiki, akakaa kwenye ngazi, akamwonyesha nafasi kando yake. Aai naye akakaa.

"Pale dukani ulijua nitakasirika?" Baba aliuliza.

"Nilijua."

"Na bado ukasema. Hilo nimeliona, na ninakushukuru. Lakini usikumbuke hilo ukasahau la Jumapili. Nilikuuliza kwa sababu ninakuamini. Mimi nilikuwa mbele, sikuona nyuma, macho yangu yalikuwa wewe. Mtu anayekuamini akikuuliza, mwambie kweli palepale. Wewe ulichelewa, tukapoteza Padwa. Ungechelewa zaidi kidogo, ningempoteza mama yako."

"Na mimi pia nilikosa," Aai alisema, akimvuta Revati begani. "Usidhani ni wewe peke yako. Niliteleza, nikasema niko vizuri, nikajiambia ni heshima ya sikukuu. Haikuwa heshima. Ulikuwa uongo, na binti yangu ndiye aliyenitoa humo."

Revati aliegemea bega la mama yake, akalia kwa sauti, na hakujali kama Ketaki alikuwa dirishani.