Saa Tatu Alizozikata Evanthia

Foleni ya tiketi ilikuwa imetoka nje ya mlango wa sinema na kujikunja kando ya maghala ya zamani ya bandari. Watu wa Thesaloniki, na miavuli yao na vikombe vyao vya kahawa, walikuwa wakisukumana kwa adabu. Lilikuwa juma la dokumentari, mwezi wa Machi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya ghuba hata meli zilizotia nanga zikaonekana kama zimechorwa kwa penseli. Evanthia Velika, ndani ya koti la mvua la kijani, nywele amezibana kwa kalamu, alikuwa anasoma ratiba aliposikia sauti ya mwanaume nyuma yake.

"Samahani dada, unaijua hata moja kati ya hizi?"

Hakugeuka upesi. Sauti ile aliijua. Alijua inavyotua kidogo kabla ya neno la mwisho. Mwaka uliopita, kwa miezi minane, alikuwa ameisikiliza kila siku katika chumba chenye mapazia mazito, maana kazi ya Evanthia ilikuwa kukata na kuunga filamu, na mwanaume huyu alikuwamo kwenye picha za filamu mojawapo. Alimjua mpaka kovu la kidevuni. Mwanaume mwenyewe hakuwahi kumtia machoni.

"Inategemea unapenda nini," alisema, akageuka.

Alikuwa ni yeye. Koti la kodrai lililochakaa viwikoni, macho ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Napenda za wanamuziki. Lakini nyingi zinaonyesha mtu analewa, anaachwa na mke, analia. Mimi nataka kuona wimbo unavyotengenezwa."

"Basi ingia ukumbi wa pili. Kuna ya kwaya ya wachimba chumvi. Nusu saa nzima hawaimbi, wanagombana nani aanze."

"Nusu saa?"

"Wakianza utaelewa kwa nini waligombana."

"Na nikisinzia?"

"Utakuwa umesinzia mahali pazuri."

Akacheka, na kicheko hicho pia Evanthia alikijua. "Naitwa Stergios. Kaa karibu nami basi. Nikikoroma, nikanyage."

Hakukoroma. Wachimba chumvi walipofumbua vinywa hatimaye, Stergios aliweka kiganja kifuani na kukisahau hapo. Walipotoka walikula bugatsa, andazi la krimu, ya moto wakiwa wamesimama, sukari ikimwagika kwenye kodrai, na mji ukawa kama umefunikwa shuka jeupe, wao wawili tu chini yake.

Zikaanza simu, kila siku Stergios akiomba filamu ya kutazama. Stergios alikuwa fundi katika duka la kutengeneza vyombo vya muziki, na mwisho wa wiki alipiga lauto kwenye harusi, lile gitaa la tumbo kubwa na shingo ndefu.

"Evanthia, mgonjwa wako huyu. Niandikie dawa."

"Umeimaliza ya jana?"

"Ya fundi wa kengele? Nimeimaliza, nikairudia. Bosi kaniuliza kwa nini nailoanisha fidla ya mteja kwa machozi."

"Basi leo tazama ile ya vijana watatu wanaorekodi albamu jikoni kwa bibi yao. Bibi kakataa kuzima friji."

"Linasikika?"

"Mpaka mwisho. Wakaamua kuliacha ndani ya wimbo."

"Wewe mwanamke unanidekeza."

"Na wewe unadekezeka."

Mwezi wa Aprili Stergios alimbusu mbele ya duka la viatu, mchana kweupe, na muuza viatu akawapigia makofi. Kila siku Evanthia alijiambia kwamba kesho atasema. Jioni moja, wakiwa wameketi kwenye ukingo wa bahari, mlima Olimpo ukiwa umejitokeza ng'ambo kama kitu kilichoota chenyewe, Stergios alisema:

"Kuna moja tu nakukataza. Ile ya Mzee Thomas, mpiga klarineti."

Evanthia aliondoa macho mlimani. "Kwa nini?"

"Nimepiga naye miaka kumi na mmoja. Wimbo wa mwisho, ule unaowaliza watu, niliutunga mimi. Tuliutengeneza siku tatu, kamera ikituangalia, na nikaeleza kila kitu. Filamu ilipotoka, mzee yuko peke yake dirishani, kautoa kichwani mwake. Mimi simo, hata kivuli."

"Labda aliyekata alilazimishwa."

"Mkono ulikuwa wake, kipenzi."

Hapo ndipo pa kusema. Akalaza kichwa begani kwake, akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtamu jioni hiyo, na mchungu siku zote zilizofuata.

Baada ya Pasaka mama yake Stergios alikuja kutoka Konitsa na pai ya mboga aliyoipakata njia nzima. Mama Vasiliki alikuwa mdogo wa umbo, ndani ya koti la buluu ambalo hakulivua mpaka alipokwisha kukagua nyumba ya mwanawe. Walipokaa kula, alimgeukia Evanthia.

"Jina lako kamili nani, mwanangu?"

"Evanthia Velika, mama."

Mama akaweka uma chini. "Velika. Jina hilo nimewahi kulisoma."

"Dukani labda," alisema Stergios.

"Siyo dukani. Ile filamu ilipoletwa kwetu nilikwenda na majirani. Hukuonekana. Nikasema, labda jina lako litakuja mwishoni. Nikayasoma yote mpaka taa zikawashwa. Evanthia Velika, mhariri. Nililishika kwa sababu marehemu dada yangu naye alikuwa Evanthia."

Stergios alimgeukia mpenzi wake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulinijua tangu kwenye foleni."

"Tangu uliposema samahani." Alijikaza asilie. "Kosmas, mwongozaji, alitaka mzee mmoja na upweke wake. Alisema mkiwa wawili mnaharibu hadithi. Nilibishana naye siku nzima. Siku ya pili nikakata."

"Siku nzima," alisema Stergios polepole. "Basi hongera. Na wala siyo kukatwa kunakoniuma. Umeniacha nikikusimulia maisha yangu kama mjinga, kumbe unayajua yote."

Evanthia akachukua koti lake. Mlangoni Mama Vasiliki alimfuata, akamtia mkononi kipande cha pai kilichofungwa.

Wiki tatu Evanthia alimpigia Stergios; simu iliita, haikupokelewa. Alimwendea Kosmas, akamwomba warudishe vile vipande. "Filamu imeshazaliwa, Evanthia," alijibu Kosmas. "Mtoto harudi tumboni." Usiku hakulala vizuri. Akilala, aliota anaunga picha zisizokwisha.

Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, saa tano asubuhi, filamu ilionyeshwa kwa wanafunzi wa muziki wa mjini. Kosmas alikaa jukwaani na kitambaa cha hariri shingoni, Evanthia pembeni yake amevaa gauni jeusi lisilo na pambo. Mzee Thomas, aliyeletwa kutoka kijijini, alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Msichana mmoja aliuliza wimbo wa mwisho ulivyotungwa.

"Ulimjia mzee asubuhi moja," alisema Kosmas, "kama ndege anavyotua dirishani."

Evanthia akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti.

"Haikuwa hivyo," alisema. "Uliletwa na mpiga lauto, Stergios Bantis. Aliuleta haujakamilika, sehemu ya pili imekaa vibaya. Mzee akamwambia anakimbia mno. Wakagombania noti moja tangu asubuhi, wakala maharage wamenuniana, wakarudi, na noti ile wakaitupa. Ndipo ukawa wimbo. Nina saa tatu za picha zake akiufanyia kazi. Nilizikata mimi, na nilijua ninachokata."

Kosmas aliinama karibu na sikio lake. "Mimi na wewe tumemaliza kazi."

"Najua," alisema Evanthia.

Mzee Thomas alikuwa amesimama. "Anavyosema ndivyo," alisema. "Wimbo ni wa Stergios. Mimi nilidhani wote mnajua. Hakuna aliyeniuliza." Akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho mpaka namba zikaonekana, akapiga palepale mbele ya watu mia mbili. "Stergios? Sikiliza wewe. Huku kuna binti amekusema vizuri kuliko nilivyowahi kukusema mimi miaka yote hii. Sijui mmekosana nini, lakini kukosana naye ni upuuzi."

Jumapili asubuhi Stergios alikuwa mlangoni kwa Evanthia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Mzee amenisimulia. Mara mbili. Anasema umefukuzwa."

"Kwa Kosmas, ndiyo."

"Mimi bado nimekasirika."

"Ingia basi, ukasirikie ndani."

Aliingia, akaketi kwenye kochi chini ya dirisha. Mwanga wa ghuba ulikuwa unacheza darini.

"Haiko sawa hii," alisema hatimaye. "Wewe umenitazama miezi minane. Unajua hata ninavyokohoa. Mimi nimekuona wiki saba."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka muda wangu. Nikutazame na mimi mpaka tulingane."

"Miezi minane?"

"Nilikuwa nafikiria zaidi kidogo. Tuoane, Evanthia."

Evanthia alimwangalia. Hakutaka kumwachia kirahisi.

"Na hasira?"

"Ipo kidogo."

"Imalize kwanza. Sichumbiwi na mtu aliyenuna."

Stergios aligeukia dirisha. Feri ilikuwa inavuka kwenda Peraia, ndogo na nyeupe, na aliifuata kwa macho mpaka ikakaribia kufika.

"Nimemaliza," alisema.

"Upesi hivyo?"

"Nilianza alfajiri."

Evanthia akacheka, akaja kuketi karibu naye, akasema ndiyo kwa sauti ndogo kiasi kwamba Stergios aliuliza amesema nini. Akalisema neno hilo tena.