Mke Mwenzangu

Scola hakwenda stesheni kumchunguza mtu. Alifuata jora lake la kitenge lililokuja na treni ya Tabora, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Katikati ya magunia na kuku wa abiria alimwona Ngusa, mchumba wake, kavaa shati jeupe alilomshonea yeye mwenyewe, anasubiri mtu. Akashuka binti wa Kizungu, khanga kiunoni, vumbi hadi kwenye kope, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Mume wangu, nibebee mzigo."

Ngusa akacheka, akaubeba. Nyie, mume! Na Jumapili wazee wake walikuwa waje na posa kwa kina Scola.

Scola alimjua binti huyo kwa kusikia. Aliitwa Kirsi, wa Ufini, na miezi michache nyuma alikuja na wenzake kufyatua matofali ya zahanati pamoja na vijana wa kujitolea, ambao Ngusa alikuwa kiongozi wao. Ngusa alimsihi sana Scola ajiunge. Alisema urafiki na watu wa mbali utawafungulia njia, na watoto wao hawatafia njiani wakitafuta dawa. Scola alimjibu kuwa mtu wa kazi ya bure ana lake jambo. Sasa jambo lenyewe kaliona.

Jioni Ngusa alipita barazani kwenye cherehani, akamkuta kanuna.

"Scola wangu, mbona hunitazami?"

"Kamtazame mkeo. Na wazee wako wasije."

Ngusa alijaribu kueleza, akakatizwa kila neno. Mwisho akasema, "Basi twende kwa bibi yangu. Ukitoka huko bado unanikataa, sitakusumbua tena."

Scola alikwenda, ila kutafuta ushahidi. Uani walimkuta Kirsi akipepeta mchele na Bibi Minza. Kirsi akainuka, akamkumbatia Scola.

"Karibu, mke mwenzangu."

Scola akageuka aondoke. Bibi akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Huyu analala kwangu, nimempa jina langu. Ni Minza kama mimi. Mjukuu wangu namwita mume, sasa wajina wangu amwiteje?"

Scola akarudi, akaketi. Hata kwao bibi yake humwita kaka yake mume, wala hakuna aliyewahi kununa. Aibu ikamshika, lakini bado alimtazama Kirsi kwa pembe ya jicho, akamuuliza:

"Huyu mume tunagawana vipi?"

Kirsi akafikiri. "Mchukue wewe. Mimi niachie matofali."

Jumapili wazee walikuja, posa ikapokelewa. Jumatatu Scola alikuwa ndani ya tope la matofali, kajifunga kitenge kipya, kasimama katikati ya Ngusa na mke mwenzake. Alisema wivu umekwisha kabisa. Ila shamba, alisema, halilindwi kwa mbali.