Jino la Mahona

Nianze na kosa langu, maana Padre alinifundisha kwamba dhambi ukiificha inavunda. Nilishika vichwa vya watoto. Mama mkwe wangu alipokuwa akiwachimba ufizi, mikono iliyowabana ilikuwa yangu. Halafu kuna kitu nilikula. Nitafika huko, Mungu anipe ujasiri.

Naitwa Lukresia. Niliolewa Ipililo, kwenye mji wa mama mkwe wangu, Mayu Nyanjige, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kugombea pamba. Maduka yalijaa ghafla. Ndoo za plastiki, mabeseni, ndala za kila rangi. Na watoto wachanga nao, watu wakasema, wameanza kuota meno ya plastiki. Mtoto akishikwa na homa na kuharisha, ukimfungua kinywa unaona ufizi umevimba na ndani yake kuna vitu vyeupe. Tukaambiwa yasipotolewa mtoto anakufa, na akichomwa sindano yakiwa bado yamo, hafiki jioni.

Mayu Nyanjige ndiye aliyekuwa akiyatoa. Alitumia spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe.

Siku moja, Jumanne asubuhi, tumekaa uani tunachambua pamba. Jirani yetu Scola akaja na mwanawe Mahona mgongoni. Mahona alikuwa na miezi saba. Kabla yake Scola alikuwa ameharibikiwa mimba mbili.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, ng'wana wane. Huyo mbona amelegea hivyo?"

"Anaharisha tangu juzi. Nampeleka zahanati."

"Mpeleke," Mayu akasema bila kuinua macho kwenye pamba. "Ukirudi, pitia kwa seremala."

Scola akanitazama. Tulikuwa rika moja, tunaimba kwaya moja. Akaninong'oneza, "Lukresia, wewe unaonaje?"

Sikuwa nimemfungua mtoto kinywa. Sikujua lolote. Lakini nilipenda kuulizwa, nami nikajibu kama mtu anayejua.

"Ni ya plastiki hayo. Zahanati watamuua."

Tukamlaza kwenye ngozi ya ng'ombe. Nikambana kichwa kwa magoti na kumwingiza kidole gumba kinywani ili asifunge. Mayu akachokonoa. Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Damu ikachanganyika na mate na maziwa aliyonyonya asubuhi, ikanitiririkia hadi kwenye kiwiko, ikiwa na joto na mabonge. Kisha vikatoka viwili, vyeupe, vinateleza kama funza.

Mayu akavikung'utia chini.

Kuku wetu walikuwa wameshazoea. Wakiona spoku tu, wanajipanga kuzunguka ngozi, shingo zimenyooka. Kuku mwekundu akawahi. Akavimeza vyote viwili, akafuta mdomo kwenye vumbi, akasimama akisubiri vingine.

Nikamtoa Mahona kidole kinywani. Nikanawa. Damu yake ikaisha, yangu ikaendelea kutoka. Kwenye kidole kulikuwa na matundu mawili, kama nimeng'atwa.

Mtoto yule hakuwa na jino hata moja.

Ijumaa Mahona alifariki. Kinywa chake kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, na harufu yake ilifika mlangoni kabla hujaingia. Kama panya aliyefia darini. Mama yake alikuwa akimbusu hivyo hivyo.

Kabla ya mazishi, Scola alikuja kwetu peke yake.

"Nipeni meno ya mwanangu," akasema taratibu. "Mtoto aking'oka jino tunalirusha juu ya paa, tunamwombea jingine. Wangu hataota jingine. Basi aende na hayo hayo."

Mayu akaingia ndani. Nikajibu mimi.

"Tumeshayazika, dada."

Kuku mwekundu alikuwa akipekua kwenye miguu yangu.

Krismasi ilipofika, Mayu akaniambia nimchinje yule kuku. Firigisi ni ya baba mkwe, mkamwana haonji. Nilipoipasua, katikati ya mchanga na vijiwe nikaona kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa na mkwaruzo katikati. Niliujua mkwaruzo ule ulifanywa na nini. Nikaumwaga mchanga wote. Nina hakika niliumwaga.

Lakini nilikuwa mlafi. Firigisi ilipoiva nikainama kwenye moshi, nikamega kipande, nikatafuna haraka haraka. Kitu kikavunjika menoni. Krap.

Nikameza.

Jumapili ya Matawi nilipokea Komunyo. Mwili wa Bwana ukanasa juu kwenye kaakaa. Nikausukuma kwa ulimi, hautoki. Kitu kilikuwa kimeushika. Nikapapasa, mikono nimeifumba mbele ya altare, watu wanaimba. Kilikuwa kidogo. Kigumu. Chenye ncha.

Lilikuwa jino, limeota katikati ya kaakaa.

Nikamwonyesha Mayu. Hakushangaa. Akachungulia nyuma yake kuona kama kuna mtu, akaninong'oneza, "Likilegea limeze tu. Mimi huwa nameza."

Kesho yake nikapanda lori mpaka Bariadi, kwa daktari wa meno aitwaye Novatus. Alikuwa kijana mchangamfu.

"Usiogope, mama. Meno yanaanza kuumbika mtoto akiwa tumboni. Wengine wanazidishiwa kama wewe, wengine wanapungukiwa. Kule Mwanhuzi maji ya visima vingine yana madini, watoto wanaota meno ya kahawia utadhani wamezaliwa wanavuta tumbaku. Kila kasoro na dawa yake. La ziada tunang'oa, lililopinda tunanyoosha, lenye doa tunalifunika."

"Na ya plastiki?"

Akaacha kutabasamu.

"Hayapo. Yale ni machonge machanga, Mungu ndiye kayapanda. Homa ni malaria, au ni tumbo tu. Mtoto akichimbwa anavuja damu, kidonda kinaoza, anakufa. Akipona, chonge la ukubwani linatoka limeharibika, au halitoki kabisa. Nani kakwambia habari za plastiki?"

Nilikuwa nasikia harufu ya panya.

Akaandaa ganzi, lakini haikuhitajika. Jino lilitoka kama kupe kwenye chuchu ya ng'ombe, likaacha tundu na majimaji machungu. Akalisogeza kwenye dirisha. Akalitazama muda mrefu.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Hili halina mzizi. Ni gamba tu. Hili ni jino la mtoto ambaye hajaanza kuota." Akaligeuza. "Na huu mkwaruzo?"

Akanipa jino langu kwenye karatasi. Akanawa mikono. Nilipofika mlangoni nikageuka, alikuwa ananawa tena.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kaburi la Mahona. Nikachimba kwa vidole, nikalizika, nikasali rozari nzima. Nikarudi nyumbani mwepesi.

Jumapili iliyofuata Komunyo ikanasa.

Mahali pale pale. Nikalivuta mwenyewe nyuma ya kanisa. Lilikuwa na mkwaruzo ule ule. Na safari hii nilitema mate meusi. Ulikuwa udongo. Udongo wa makaburini, na ndani yake uzi wa nguo nyeupe, ile tuliyomviringishia.

Nimelizika mara tisa. Mara tisa limerudi.

Nilipoungama, Padre aliniuliza swali moja tu, "Ulimnyima nani?" Nikaelewa. Nilikuwa napeleka kwa marehemu kitu kilichoombwa na mama yake. Lakini Scola alikuwa ameshahama. Wanasema alikwenda kwa kaka zake upande wa Mwanhuzi. Nimekwenda mara mbili, sikumpata. Na wiki hii nikipapasa kwa ulimi, pembeni ya lile la kwanza pameanza kuvimba. Mayu Nyanjige tumemzika mwezi uliopita. Kuku alimeza mawili, na la pili nadhani lilikuwa kwa Mayu.

Ombi langu ni hili. Kama unamfahamu Scola, mwambie Lukresia wa Ipililo alidanganya, hatukuyazika. Mwambie aje. Nitakaa chini, nitafungua kinywa, ayachukue kwa mkono wake.