Selestini Atafuta Kikao

Selestini alikuwa fundi wa boti pale Kibirizi, Kigoma. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za mbao kwa pamba na lami. Zamani watu walimsifu sana. Boti aliyoiziba yeye ilikwenda na kurudi bila kuingiza maji.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo na Burundi. Boti hazikupumzika, na Selestini hakupumzika. Akaanza kunywa gongo, pombe kali ya kienyeji, ili kuondoa uchovu. Asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka apate gongo kidogo. Kile kidogo kikaita kingine, na jioni alirudishwa nyumbani amebebwa.

Siku moja mkewe, Marcelina, alisafiri na binti yao Leonia kwenda Ilagala kwa wazazi wake. Walipanda boti iliyozibwa na Selestini. Katikati ya safari maji yakaanza kuingia. Abiria waliyachota kwa ndoo, kwa sufuria, hata kwa viatu. Walifika salama, lakini Leonia alilia mpaka sauti ikamkauka.

Marcelina aliporudi hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Leonia, mimi na mtoto hatupandi tena boti uliyoigusa wewe. Na usipoacha pombe, nikienda kwetu tena sirudi."

Maneno yale yalimchoma Selestini kuliko matusi.

"Mama Leonia, si nilijaribu? Umesahau?"

Marcelina hakuwa amesahau. Mwaka uliopita alimfungia chumbani ili aache. Siku ya pili Selestini akaanguka, mwili ukakakamaa na kutupwatupwa. Majirani wakamnywesha gongo, akatulia. Tangu hapo wote waliamini kwamba pombe ndiyo dawa yake.

Safari hii Marcelina alimwita jirani yao, Sia, muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi.

"Shikamoo, kaka," Sia alisema, akaketi mkekani.

"Marahaba, mama. Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kukueleza. Ile gongo haikuwa dawa. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kukakamaa vile. Mtu anaweza hata kufa. Kwa hiyo usiache peke yako. Kesho twende zahanati, daktari akupime na akupe dawa za kukutuliza."

"Halafu?"

"Halafu utahitaji wenzako. Kuna kikao cha watu wanaoacha pombe pale Mwanga, kila Jumamosi alasiri, ukumbi ulio nyuma ya soko. Waislamu wapo, Wakristo wapo. Kila mtu hueleza yake, na yanayosemwa mle hayatolewi nje."

Selestini akatibiwa. Mikono ikatulia, ila hamu ya pombe haikutulia.

Jumamosi akaenda Mwanga. Aliona kama soko zima linamtazama yeye. Aibu ikamfunga mdomo, akashindwa kuuliza njia. Nyuma ya soko akaona watu wameketi kwenye mabenchi chini ya turubai, kimya, vichwa vimeinama. "Hawa ndio wenzangu," akawaza. Akaketi.

Waliotangulia wakaitwa mmoja mmoja, naye akasogea mpaka akafika mbele. Karani kijana, Davis, akamtazama kwa huruma.

"Pole na safari, mzee. Mmevuka lini?"

"Kuvuka nini?"

"Ziwa. Umetoka Uvira au Baraka, kule Kongo?"

"Nimetoka Kibirizi."

Watu wakacheka. Maskini Selestini! Alikuwa amepanga foleni ya wakimbizi wanaosubiri kuandikishwa. Alitamani kukimbia, na kilabu cha pombe kilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Akamkumbuka Leonia. Akasema, na wote wakasikia, "Natafuta kikao cha watu wanaoacha pombe. Mimi ni mlevi. Nataka kuacha."

Kicheko kikakatika.

"Ni ukumbi ule wenye mlango wa bluu," Davis alisema kwa upole. "Hujachelewa."

Selestini alipoinuka, mkimbizi mmoja naye akainuka. Alikuwa Dismasi, mvuvi wa Baraka.

"Ndugu, ungoje. Miye pia naenda na weye. Tangu tukimbie, bila pombe silali."

Wakaenda pamoja. Ukumbini walipokewa na Mwanvua, muuza mawese wa Ujiji, aliyekuwa ameacha pombe zamani. Aliwapa chai.

"Msiahidi mambo makubwa," alisema. "Semeni, 'Leo sinywi.' Na hamu ikiwazidi, njooni kwangu kabla hamjafika kilabuni."

Haikuwa rahisi. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa gizani, hawaingii ziwani, hivyo ufukweni pombe hunywewa sana. Siku moja walimwita Selestini, naye akanywa. Akaona haya kurudi kikaoni. Mwanvua akamfuata hadi nyumbani, akamrudisha kikaoni, na hakuna aliyemsimanga. Dismasi naye, alipopelekwa kambini, alianzisha kikao huko.

Mvua zilipokwisha, mwenye boti mmoja alimpa Selestini kazi tena. Selestini alikagua na kuziba kila ufa, mikono yake imetulia.

Siku boti hiyo ilipokwenda Ilagala, Marcelina akaja ufukweni na Leonia, amebeba kapu la ndizi la kuwapelekea wazazi wake.

"Hii imezibwa na nani?" aliuliza.

"Mimi," Selestini alijibu.

Marcelina akavua kandambili, akapanda. Akamketisha Leonia chini kabisa, kwenye mbao za sakafu, pale maji yanapoanzia kuingia.

"Tunarudi Jumapili," alisema. "Uje utupokee."